Macho Yaliyotokeza: Tuyapime kwa Nini?



Katika ukurasa huu wa afya ya nyumba tumekwisha kusema mara nyingi juu ya homa, juu ya maji machafu na juu ya ulezi wa watoto. Mwezi huu twataka kusema juu ya maradhi ambayo huenda msomaji hakuyafikiria hata siku moja, nayo ni maradhi ya macho yanayoletwa na tezi ya shingoni. Twayasema kwa sababu yametufika hapa petu Mtawanya, na kwa sababu sisi wenyewe, pamoja na wenzetu wa kamati ya msikiti, tulikosea katika kuyapima, na kosa letu limemgharimu mtu jicho.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka juzi palikuwa na wagonjwa wawili wa ukoo mmoja. Wa kwanza alikuwa mama wa mwanafunzi wetu, umri wake miaka 31. Macho yake yalianza kukodoka kidogo kidogo, hata ikawa weupe unaonekana juu ya mboni na chini ya mboni, mfano wa mtu aliyeshtushwa na jambo asiweze kushtukuka. Shingo ilikuwa imevimba kwa mbele, moyo ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka, anakula sana na huku akikonda. Wa pili alikuwa mjomba wake, mzee wa miaka 62, mkulima wa mikorosho, ambaye tangu ujana wake sigara haikumtoka mdomoni. Huyu macho yake yalikuwa mazito tu, kope zimevimba kama za mtu aliyekosa usingizi. Naye pia alikonda, lakini mzee akikonda nani humshangaa?

Juu ya yule mama watu walisema waliyoyasema. Wako waliosema ni jini. Wako waliosema ni husuda ya mke mwenza, ingawa mumewe hana mke wa pili. Watoto walikimbia kumwamkia. Mama mkwe wake alifikia hata kumshauri mwanawe atoe talaka kabla mambo hayajazidi. Sisi nasi tuliandika kombe, akalinywa siku saba, wala dua hatuijutii, maana dua haimzuii mtu kupanda gari. Tunachojutia ni kingine.

Baada ya sala ya Ijumaa tulichanga. Mchango ulitosha kumpeleka Dar es Salaam mgonjwa mmoja na wa kumsindikiza. Tukaulizana: nani aliyezidiwa? Hapakuwa na mabishano. Tulimtazama mama tukaona kitisho, tukamtazama mzee tukaona uzee. Na mzee mwenyewe akasema, "Mpelekeni mtoto. Mimi macho yangu ni ya miaka."

Lakini majuma mawili nyuma mzee huyo alikuja chuoni petu, akaketi barazani, akalitwaa juzuu lililo mbele yetu, lenye jalada jekundu, akalisogeza karibu na uso. Akasema, "Maalim, wekundu wa jalada hili umekwisha." Tukamjibu kwamba jalada ni jipya, tumelinunua Kibiti mwezi uliopita. Akasema, "Basi mimi naliona kama udongo." Tukadhani ni mtoto wa jicho, tukamwombea heri, tukaendelea na wanafunzi. Msomaji alishike neno hili la jalada, maana tutalirudia.

Siku ya kuonana na daktari haikupatikana upesi, na kuanzia maneno ya mzee barazani hata siku hiyo ilipita miezi mitatu. Tulimsindikiza yule mama sisi pamoja na kaka yake. Daktari alikuwa mwanamke, kwa umri ni mdogo kuliko binti yetu wa kwanza, akatuamkia kwa adabu, kisha akafanya kazi yake bila ya haraka. Alimwambia mgonjwa afumbe macho kama aliyelala, akainama kutazama kama kope zinakutana. Alimziba jicho moja moja, akamsomesha herufi ukutani. Akamfungulia kitabu chenye picha za vitone vya rangi, ambavyo ndani yake tarakimu zimefichwa. Kitabu hicho kilitungwa na Ishihara, tabibu wa Ujapani, mwaka 1917, na mpaka leo chatumika. Akamwambia afuate kidole kwa macho, juu, chini, kulia, kushoto, bila ya kugeuza kichwa. Mwisho kabisa, tena kama jambo dogo, akachukua kipimo kinachoshikizwa kwenye mfupa wa pembeni mwa jicho, akasoma ni milimita ngapi jicho limetoka.

Tulistaajabu. Jambo lililotutisha sisi miezi yote hiyo, yeye alilifanya la mwisho.

Akatueleza kwamba mgonjwa wa maradhi haya huulizwa maswali mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza: je, moto ungali unawaka? La pili: nyumba imeungua kiasi gani? Haya si swali moja. Banda la makuti laweza kuwa linawaka upande mmoja na bado halijaharibika sana. Na laweza kuwa limezimika kitambo, ilhali paa lote limekwisha. Mwenye kumwagia maji jivu lililopoa amepoteza maji, na mwenye kuezeka paa jipya huku moto unawaka amepoteza makuti. Basi dawa ya kutuliza uvimbe huwafaa wale ambao moto wao ungali hai, na upasuaji wa kurekebisha kope au makengeza hungojewa mpaka moto uzimike na kutulia, kwa desturi miezi kama 6. Moto wenyewe mara nyingi huwaka mwaka mmoja, pengine hata miwili, kisha hupoa. Lakini kilichoungua hakirudi chenyewe kama kilivyokuwa.

Ili kuujua moto, madaktari huhesabu alama saba: maumivu nyuma ya jicho hata likiwa limetulia, maumivu ya kutazama juu au chini, wekundu wa kope, wekundu wa weupe wa jicho, kuvimba kope, kuvimba ule utando wa weupe hata ukawa kama una maji ndani, na kuvimba kinyama kilicho pembeni karibu na pua. Zikipatikana tatu au zaidi, moto unawaka. Hapa tuna neno letu la kuongeza: wekundu wa kope katika ngozi yetu nyeusi haujitokezi, na aliye mbali atasema haupo. Yafaa kutazama kwa mwanga wa mchana na kumwuliza mgonjwa kama kope zina joto na zinauma.

Na ili kujua nyumba imeungua kiasi gani, mabingwa wa Ulaya wamekubaliana juu ya madaraja matatu. Hafifu ni pale kope ya juu ilipopanda chini ya milimita 2, jicho limetoka chini ya milimita 3 kupita kawaida ya watu wa asili yake, na ukavu wa jicho unatulizwa na dawa ya matone. Daraja la pili, la wastani hadi kali, ni pale vipimo hivyo vinapopitwa, au kope zimevimba sana, au mgonjwa anaona kitu kimoja kuwa viwili. Daraja la tatu ni lile la kuhatarisha uoni, na katika daraja hili milimita hazihesabiwi kabisa. Huhesabiwa mambo mawili tu: mshipa wa kuonea umebanwa, au kioo cha mbele cha jicho kimeanza kuoza kwa sababu kope hazifumbi. Mwenye moja ya haya ni mgonjwa wa leo, si wa juma lijalo.

Yule mama aliwekwa daraja la pili, na moto wake ulikuwa unawaka. Herufi alizisoma zote. Vitone vya rangi alivitambua vyote. Akaandikiwa dawa ya kuituliza tezi, na sindano ya mshipani ya kutuliza uvimbe mara moja kila juma kwa majuma 12.

Kisha daktari akauliza, kama kwa desturi ya kazi: "Katika ukoo wenu yuko mwingine mwenye shingo au macho kama haya? Maana maradhi haya hupenda kufuata damu." Kaka yake akamtaja mjomba. Sisi tukaeleza, tukicheka kidogo, habari ya jalada jekundu. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, "Baba, huyo ndiye mliyemwacha nyumbani?"

Hatukuwa na jibu.

Sababu ya neno lake ni hii, na twaomba kila mwenye nyumba aielewe vyema. Jicho limekaa katika pango la mfupa. Nyuma yake mna mafuta, mna misuli inayoligeuza, na mna mshipa wa kuonea unaokwenda ubongoni. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huasi na kuishambulia tezi ya shingoni, na katika baadhi ya watu huyashambulia na mafuta na misuli hii nayo ikavimba. Mfupa hautanuki. Basi uvimbe una njia mbili: kulisukuma jicho nje, au kuubana mshipa kwa ndani. Jicho likitoka, mara nyingine mshipa hupata nafasi ya kupumua. Jicho likikataa kutoka, kwa sababu kope na vishikizo vyake vimekaza, mshipa hubanwa kimya kimya. Hatusemi kwamba jicho lililotokeza sana limesalimika, la! Lakini macho yasiyotisha yaweza kuwa ndiyo yanayopofuka. Na mshipa ukibanwa, mara nyingi rangi hutangulia kufifia kabla ya herufi, na nyekundu ndiyo hudhihirisha zaidi. Mzee alikuwa ametuletea alama hiyo mlangoni, kwa kinywa chake mwenyewe. Tena alikuwa mwanamume, mwenye umri mkubwa, na mvutaji, na hao watatu ndio ambao maradhi haya huwa makali zaidi kwao, ingawa wanawake ndio huugua kwa wingi.

Wasomaji wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Wajue kwamba tabibu Mwislamu wa Uajemi, Sayyid Ismail al-Jurjani, aliyeishi zama za Wakhwarazmu na kufariki katika karne ya 12, alikwisha kutaja katika kitabu chake kikubwa cha utabibu, Dhakhira, kwamba rovu la shingo na kutokeza macho hufuatana. Robert Graves wa Dublin aliandika juu ya maradhi haya mwaka 1835, na Basedow wa Merseburg katika Ujerumani mwaka 1840; kwa hivyo Waingereza huyaita kwa jina la Graves na Wajerumani kwa jina la Basedow. Jina la Jurjani hatukulisikia likitajwa hospitali, nasi tulilitaja wenyewe, daktari akafurahi akaliandika.

Tuna neno jingine juu ya kipimo cha milimita. Macho ya watu weusi kwa maumbile yametoka kidogo kuliko ya Wazungu: mwanamume Mzungu akifikia milimita 22 hivi hutiliwa shaka, lakini mweusi aweza kufikia 24 naye ni mzima kabisa. Kwa hiyo tarakimu peke yake hudanganya pande zote mbili. Mzima ataitwa mgonjwa, na mgonjwa ambaye alikuwa na 17 akafika 21 ataitwa mzima. Dawa ya kosa hili ni nyepesi. Chukueni picha ya zamani, ya harusi au ya kitambulisho, mwende nayo hospitali. Daktari wetu aliishika picha ya harusi ya yule mama kwa muda mrefu kuliko alivyokishika kipimo chake.

Sasa nyumbani mtazame nini? Mtu akishikwa na dalili za tezi tulizozitaja, au kope zake zikivimba na kupanda bila ya sababu, mwambieni azibe jicho moja kwa kiganja, atazame kitu chekundu, kisha abadilishe. Wekundu ukiwa hafifu kwa jicho moja kuliko la pili, au umefifia kwa yote mawili kuliko zamani, msingoje siku ya soko. Usiku akilala, mwenzake amulike kwa taa kwa upole: weupe ukionekana katikati ya kope, jicho linakauka, na jicho linalokauka huota kidonda. Asubuhi asome mstari wa msahafu kwa macho yote mawili. Sisi walimu wa chuo tuna kipimo chetu ambacho daktari hakukijua: mwenye kuanza kuona viwili huona nukta ya nuni zikiwa mbili akaisoma te, au mstari wa juu ukamwangukia wa chini. Mwanafunzi mtu mzima aliyekuwa akisoma vizuri akianza kukosea nukta, kabla ya kumkemea mzibeni jicho moja. Akisoma sawasawa, kosa si lake.

Katika kungoja gari, matone ya kulainisha jicho ni mema, na kulala kwa mito miwili hupunguza uvimbe wa asubuhi. Msitie jichoni maji ya majani wala maziwa ya mzazi. Kioo cha jicho kilichokauka ni kama jipu lililo tayari kupasuka, na vitu hivi huleta vidonda vinavyoacha kovu jeupe. Wanja nao uachwe mpaka jicho litulie. Na anayetumia matone katika mwezi wa Ramadhani asiyaache kwa kuogopa saumu, kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi'i kinachotiwa jichoni hakifunguzi.

Juu ya sigara hatutasema mengi, maana wavutaji wamechoka kutusikia. Ila jueni kwamba katika maradhi haya sigara si jambo la pembeni. Mvutaji mwenye tezi hupata macho mara nyingi zaidi kuliko asiyevuta, huyapata kwa ukali zaidi, na dawa humfaa kwa uchache. Pia yako matibabu ya tezi yanayotumia madini joto yenye mnururisho, ambayo ni mazuri kwa shingo lakini yaweza kuyazidisha macho, hasa ya mvutaji. Mwenye macho na amwambie daktari mapema ili apewe kinga yake.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Jicho moja tu likitokeza, hasa la mtoto, na likazidi kwa siku au majuma, msiseme ni tezi. Watoto wetu wa Afrika Mashariki hupatwa na saratani iliyoelezwa na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, ambayo huvimbisha taya na hufika jichoni. Ikiwahiwa hutibika. Vivyo hivyo mboni ya mtoto mchanga iking'aa weupe kama ya paka gizani, ni safari ya siku ile ile.

Turudi kwa mzee. Tulipotoka chumbani kwa daktari tulipiga simu Mtawanya, na usiku ule ule vijana wakampandisha gari la alfajiri. Alitiwa sindano za nguvu kwa siku zinazofuatana. Zisipotosha, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya mfupa wa pango ili uvimbe upate pa kwenda. Baada ya hapo alikatazwa kuinama kwa majuma kadhaa, jambo lililomhuzunisha kuliko kisu, mpaka tulipomkumbusha kwamba mgonjwa husali kwa kuashiria na sala yake ni kamili. Jicho la kulia limerudi, anasoma. La kushoto lilikaa limebanwa muda mrefu mno. Kwa hilo huona kivuli cha mkono unapopita, basi.

Hakutulaumu. Tulipokwenda kumtaka radhi alisema kwamba yeye ndiye aliyesema apelekwe mtoto, na lau angeulizwa tena angesema vile vile. Hatukukubali jibu hilo, kwa kuwa angesema vile akiwa anajua, nasi tulimwacha aseme akiwa hajui. Sigara ameacha. Kamati nayo imebadili desturi yake: wagonjwa wakiwa wawili na nauli moja, kabla ya kuchagua humwita mhudumu wa afya wa zahanati awatazame wote wawili, na kila mmoja aulizwe anaona nini, siyo anaonekanaje.

Yule mama moto wake umezimika. Macho yameingia kidogo, si sana, na kope zake zimepangiwa kupunguzwa baada ya Ramadhani. Talaka haikutoka. Ile picha ya harusi ingali katika faili lake hospitalini, naye ametutuma mara mbili tukaiombe.